Kuijua Hazina ya TeX: Mpangilio, Gharama na Rafu Isiyo na Kiswahili

Msimu wa kuwasilisha tasnifu ukifika, saiba za mtaa wa Tena, Eastlands, Nairobi, hujaa wateja wa aina nyingine. Waliokuja kwa ajili ya huduma za serikali za KRA, HELB na eCitizen hupanga foleni pamoja na wanafunzi wa vyuo vikuu wanaokaa Tena, Umoja na Donholm, kila mmoja na flashi yake mkononi, akitaka kurasa mia na ushei zichapishwe na kubanwa kabla ofisi ya idara haijafungwa. Wengi wao wana faili ya Word au ya PDF. Wachache, hasa wa hisabati, takwimu, fizikia na uhandisi, wana faili inayoishia kwa .tex. Hao ndio hukwama. Kompyuta ikiwa haina LaTeX, safari imeishia hapo. Ikiwa nayo, mara nyingi hutoa ujumbe kwamba faili fulani haikupatikana, na kazi husimama. Faili inayotafutwa ipo, tena ni ya bure, ndani ya hazina kubwa ambayo wanafunzi wengi hawajawahi kuifungua wenyewe. Wameisikia tu kwa jina: CTAN.

CTAN ndiyo hifadhi kuu ya kila kitu kinachohusu TeX na LaTeX, yaani programu zinazopanga maandishi, milinganyo, majedwali na marejeleo kwa ubora wa kiwanda cha kuchapisha vitabu. Ina vifurushi zaidi ya 6,000. Mgeni akiingia humo bila kujua imepangwa vipi, atatumia bando lake lote kupakua asichokihitaji, au atachukua kilichopitwa na wakati miaka ishirini iliyopita. Makala hii inachambua hifadhi hiyo kwa macho ya mtu wa Eastlands: ilikotoka, inavyopangwa, namna ya kutafuta ndani yake, namna ya kupima unachokipata, na gharama yake kwa mtu anayenunua intaneti kidogo kidogo. Hoja yangu kuu ni kwamba anayeelewa mpangilio wa hazina hii huokoa muda na pesa, na kisha huona kilichopungua ndani yake. Kilichopungua kinatuhusu sisi moja kwa moja, kwa sababu ni Kiswahili.

Ilikotoka

Mwaka 1977 Donald Knuth, mtaalamu wa sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alipelekewa prufu za toleo jipya la juzuu ya pili ya kitabu chake The Art of Computer Programming. Teknolojia ya uchapishaji ilikuwa imebadilika: herufi za risasi zilikuwa zinaachwa, mitambo ya picha ndiyo iliyoshika nafasi, na kurasa zilizotoka hazikumridhisha hata kidogo. Akaamua kuandika programu yake mwenyewe. Toleo la kwanza la TeX lilitoka mwaka 1978. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Leslie Lamport alijenga juu yake LaTeX, ambayo humruhusu mwandishi kusema "hii ni sura", "hili ni jedwali", na kuiachia programu kazi ya kupanga. Toleo la LaTeX la mwaka 1994 ndilo msingi wa lile tunalotumia hadi leo.

Jambo la muhimu kwa hadithi yetu ni kwamba Knuth aliacha mlango wazi. TeX ni injini. Amri za ziada zinaweza kuandikwa na yeyote, zikawekwa kwenye faili na kugawiwa. Profesa aliyetaka vichwa vya kurasa vya namna fulani aliandika kifurushi. Mwanakemia aliyetaka michoro ya molekuli aliandika kingine. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 vifurushi vilikuwa vimetapakaa kwenye seva za vyuo mbalimbali, na hakuna aliyejua nakala ipi ndiyo mpya.

Mwaka 1992 watu wachache walianza kuweka mambo sawa, wakiwemo George Greenwade wa Chuo Kikuu cha Sam Houston State kule Texas, Sebastian Rahtz wa Uingereza na Rainer Schöpf wa Ujerumani. Waliunganisha seva tatu, moja Texas, moja katika Chuo Kikuu cha Aston, Uingereza, na moja Stuttgart, Ujerumani, zote zikibeba mali ileile chini ya mpangilio mmoja. Mwaka 1993, kwenye mkutano wa watumiaji wa TeX uliofanyika Aston, hifadhi hiyo ikatangazwa rasmi. Mfano wake ulifuatwa na wengine: watumiaji wa lugha ya Perl wakajenga CPAN, na wa R, programu ambayo wanafunzi wengi wa takwimu nchini Kenya wanaijua, wakajenga CRAN. Anayepakua kifurushi cha R leo anatembea kwenye njia iliyofunguliwa na watu wa TeX.

Historia hii inaeleza ugumu wa hifadhi. CTAN ilizaliwa kabla watu hawajazoea kutafuta kila kitu kwa kuandika maneno mawili kwenye kisanduku. Ilipangwa kwa folda ndani ya folda, na waliozipanga walikuwa wataalamu waliojua kifurushi kipi kinaendeshwa na injini ipi. Walipanga kwa namna waliyoifikiria wao.

Inavyopangwa

Ukienda Kirinyaga Road kutafuta spea, huwezi kumwambia mwenye duka kwamba gari linatetemeka ukipita mwendo wa themanini. Atakuuliza gari ni la kampuni gani, la mwaka gani, injini gani, kwa sababu rafu zake zimepangwa hivyo. CTAN iko vivyo hivyo. Folda zake za juu zinajibu swali la "kitu hiki ni cha aina gani na kinaendeshwa na nini". Swali la "nina shida gani" halijibiwi na folda hata moja.

Folda kubwa kuliko zote kwa mtumiaji wa kawaida ni macros. Ndani yake kuna latex, na ndani ya latex kuna sehemu tatu zinazostahili kukumbukwa. Ya kwanza ni base, ambayo ni LaTeX yenyewe. Ya pili ni required, yenye vifurushi ambavyo kila usakinishaji wa kweli wa LaTeX unapaswa kuwa navyo: babel cha lugha, graphics cha picha, amsmath cha milinganyo, tools cha majedwali marefu na safu. Ya tatu ni contrib, na humo ndimo vilimo maelfu: kila kilichochangwa na watu wa nje, kizuri na kibaya, kipya na kikongwe, kwa mpangilio wa alfabeti. Kando ya latex ziko folda za injini na mifumo mingine: plain, generic, xetex, luatex, context.

Nje ya macros kuna fonts kwa ajili ya aina za herufi, language kwa ajili ya lugha mbalimbali, graphics kwa michoro, biblio kwa marejeleo, support kwa programu saidizi, systems kwa usakinishaji mzima, info kwa vitabu na miongozo, na obsolete, ambako huwekwa vilivyostaafu.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha mgeni anapopotelea. Mwanafunzi anayechora grafu kwenye tasnifu yake ameandikiwa na mwenzake mstari unaoita TikZ. Kompyuta inamwambia tikz.sty haipo. Anaingia CTAN, anafungua macros, latex, contrib, anashuka hadi herufi T, na hakuna folda yenye jina hilo. Sababu ni mbili. Kwanza, faili ya tikz.sty ni sehemu ya kifurushi kinachoitwa pgf, kazi ya Till Tantau wa Ujerumani, kwa hiyo jina la faili na jina la kifurushi havifanani. Pili, pgf hufanya kazi kwenye plain TeX, LaTeX na ConTeXt, kwa hiyo waliopanga hawakuona haki kuiweka chini ya LaTeX peke yake. Waliiweka chini ya graphics.

Mtego huu wa majina uko kila mahali. Faili ya longtable.sty, ambayo kila mwenye jedwali linalovuka ukurasa huihitaji, imo ndani ya kifurushi kinachoitwa tools, pamoja na tabularx na multicol. Faili ya subcaption.sty imo ndani ya caption. Faili ya graphicx.sty, yenye x mwishoni, imo ndani ya graphics isiyo na x. Ukilijua hili, nusu ya ujumbe wa "haikupatikana" hupoteza makali yake. Kabla ya kutafuta kifurushi, uliza: faili hii ni ya kifurushi gani?

Njia za kutafuta

Njia ya kwanza ni katalogi. Kila kifurushi kina ukurasa wake kwenye tovuti ya CTAN, wenye maelezo mafupi, jina la mwandishi, toleo, leseni, tarehe, kiungo cha mwongozo na mahali kilipo ndani ya folda. Ukijua jina, nenda moja kwa moja: ctan.org/pkg/ kisha jina la kifurushi. Katalogi ni mlango bora kuliko folda zenyewe, kwa sababu inakueleza kitu ni nini kabla hujakipakua.

Njia ya pili ni mada. Katalogi imevipa vifurushi lebo za mada: tasnifu, majedwali, muziki, kemia, mitihani. Hii ndiyo njia ya mtu mwenye shida lakini asiye na jina. Mwalimu wa sekondari anayetaka kupanga karatasi za mtihani akifungua mada ya mitihani atakutana na exam na vingine kadhaa, akalinganisha.

Njia ya tatu ni ya aliye na TeX Live, yaani mkusanyiko wa TeX, LaTeX na vifurushi vyake, kwenye kompyuta yake. Programu ya tlmgr ina amri ya kuuliza faili fulani imo katika kifurushi gani: tlmgr search --global --file tikz.sty. Jibu litakuja kwamba imo katika pgf. Amri ya tlmgr install pgf inamaliza kazi. Anayetumia MiKTeX, mkusanyiko mwingine wa aina hiyo ulioundwa na Christian Schenk, hahitaji hata hilo, kwa kuwa programu yenyewe humwuliza kama inaruhusiwa kupakua kinachokosekana.

Njia ya nne husahaulika kuliko zote, nayo ni kusoma kilichoko tayari kwenye kompyuta. Ukiandika texdoc geometry, mwongozo wa geometry hufunguka hapo hapo, bila intaneti. Ikiwa miongozo ilisakinishwa pamoja na programu, mtu anabeba maktaba nzima na hajui.

Folda ya info nayo inastahili kutembelewa kwa utulivu. Humo mna lshort, mwongozo mfupi wa LaTeX ulioanzishwa na Tobias Oetiker na kutafsiriwa katika lugha nyingi. Mna orodha kubwa ya alama iliyokusanywa na Scott Pakin, kwa anayetafuta alama ambayo hajui jina lake. Mna pia l2tabu, waraka unaoorodhesha makosa ya kizamani na namna ya kuyaacha.

Siku hizi wengi huuliza akili unde kwanza, na mara nyingi wanapata jibu zuri. Lakini programu hizo huweza pia kutaja kwa kujiamini kifurushi ambacho hakijawahi kuwepo, au amri ambayo kifurushi halisi hakina. Katalogi ndiyo hakimu. Jina lisipokuwa humo wala kwenye orodha ya faili za tlmgr, usihangaike nalo.

Kupima unachokipata

Kupata kifurushi ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua kama kinafaa. Hifadhi hii haifuti ovyo, na hilo ni jema, kwa sababu kitabu kilichopangwa mwaka 1995 kinapaswa kuweza kupangwa tena leo. Lakini ndiyo maana vikongwe vinaishi jirani na vipya. Katika saiba na kumbi za chuo huzunguka violezo vya tasnifu vilivyorithishwa kutoka mwanafunzi hadi mwanafunzi, vikiita epsfig badala ya graphicx, subfigure badala ya subcaption, fancyheadings badala ya fancyhdr, a4wide badala ya geometry. Vingine bado vinafanya kazi, vingine vinagombana na vifurushi vipya, na mwanafunzi anadhani kosa ni lake.

Angalia mambo manne. Tarehe ya mwisho ya kusasishwa: kifurushi kisichoguswa tangu 1999 huenda ni kizuri na kimekamilika, lakini kisome kwa tahadhari. Mwongozo: kifurushi kisicho na mwongozo kitakugharimu saa nyingi. Tangazo la kustaafu: katalogi mara nyingi husema wazi kwamba kifurushi fulani kimerithiwa na kingine. Leseni: vifurushi vingi viko chini ya leseni ya LPPL, inayokuruhusu kutumia, kugawa na kurekebisha mradi usipitishe marekebisho yako kana kwamba ndiyo kazi ya asili. CTAN hupokea pia vitu vyenye leseni zenye vikwazo. TeX Live haivipokei, na ndiyo sababu baadhi ya vilivyo kwenye CTAN havipatikani kwa tlmgr katika hifadhi ya kawaida ya TeX Live.

Kuna jambo moja linalowatisha wageni. Unapakua kifurushi, unakifungua, na ndani hakuna .sty. Kuna faili mbili, moja inaishia kwa .dtx na nyingine kwa .ins. Hakuna kilichoharibika. Waandishi wengi huweka programu na maelezo yake ndani ya faili moja, ile ya .dtx. Ukiiendesha LaTeX juu ya faili ya .ins, itazalisha .sty unayoihitaji. Iweke ndani ya folda ya texmf iliyo katika eneo lako la nyumbani, chini ya tex/latex, na LaTeX itaiona. Vifurushi vingine vina faili ya zipu yenye .tds katika jina lake, ambayo tayari imepangwa kwa mfumo huo, kazi yako ikiwa kuifungua tu.

Gharama ya bando

Miongozo mingi imeandikwa na watu ambao intaneti kwao haihesabiwi. Inasema, sakinisha TeX Live nzima. Diski nzima ya TeX Live ina uzito wa zaidi ya jigabaiti 4. Kwa mtu wa Tena anayenunua bando la siku kwa simu na kuigawia laptopu, ushauri huo ni mzito kuubeba.

Lakini uzito huo unapunguzika. TeX Live ina mipango kadhaa ya usakinishaji: wa msingi, mdogo, wa kati na kamili. Ukianza na mdogo na kuongeza kifurushi kimoja kimoja kwa tlmgr, utatumia sehemu ndogo sana ya data. Sehemu kubwa ya uzani wa usakinishaji kamili ni miongozo na faili za chanzo, na kisakinishi kinakuruhusu kuviacha. TinyTeX, iliyotengenezwa na Yihui Xie kwa ajili ya watumiaji wa R, imejengwa juu ya wazo hilo hilo. Kwa anayependa kufanya kazi ndani ya kivinjari, Overleaf, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2012, inakuondolea usakinishaji wote, ila inakudai uwe na mtandao kila unapoandika. Stima ikikatika au bando likiisha, tasnifu yako iko mbali nawe.

Njia nafuu kuliko zote ni ya pamoja. Leseni zinaruhusu kunakili. Mtu mmoja akipakua diski nzima mara moja kwa mwaka, kwenye mtandao wa chuo ambako intaneti tayari imelipiwa, anaweza kuiweka kwenye hadi ya nje na kuwapa wenzake wote wa mtaa bila kuvunja sheria yoyote. Saiba yenye diski hiyo ina huduma ambayo jirani yake hana: tasnifu ya .tex inachapishika hapo hapo. Kwa mwenye saiba hao ni wateja wapya, na kwa mwanafunzi ni nauli ya kwenda mjini iliyobaki mfukoni.

Onyo moja tu. TeX Live hutoka upya kila mwaka, na toleo la mwaka jipya likitoka, la zamani hugandishwa. Kompyuta yenye toleo la mwaka 2019 itakataa kuchukua vifurushi kutoka hifadhi ya leo, itasema kwamba hifadhi ni mpya kuliko ilivyo yenyewe. Hapo ni kusakinisha upya, au kuielekeza tlmgr kwenye nakala ya kihistoria ya mwaka husika. Na mwenye kiolezo kutoka Marekani akumbuke kuandika a4paper, kwa sababu madarasa ya kawaida ya LaTeX huchukulia karatasi ya Kimarekani kuwa ndiyo karatasi, na pambizo la kubania halitakuwa vile idara inavyotaka.

Rafu ya lugha zetu

Mtu akishaijua hifadhi vya kutosha, atatamani kutazama rafu ya lugha yake. Kwa Afrika Mashariki rafu hiyo haiko tupu kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Jörg Knappen wa Ujerumani alitengeneza fonti za fc, mahususi kwa lugha za Kiafrika zinazoandikwa kwa herufi za Kilatini, wakati kompyuta nyingi zilikuwa hazijui kuandika ɓ wala ɔ. Miaka ya 2000 Jonathan Kew, akiwa katika shirika la SIL, alileta XeTeX, injini inayosoma Unikodi moja kwa moja na kutumia fonti zozote zilizo kwenye kompyuta. Tangu 2018 LaTeX ya kawaida nayo huchukulia UTF-8, yaani usimbaji wa Unikodi, kuwa ndiyo desturi, kwa hiyo anayeandika Gĩkũyũ au Kikamba anaweza kuchapa ĩ na ũ moja kwa moja, bila zile amri za zamani za mkwaju wa nyuma na kiwimbi kabla ya kila irabu.

Kifurushi cha babel, kilichoanzishwa na Johannes Braams na sasa kikitunzwa na Javier Bezos, kina faili za lugha zetu kwa idadi inayoshangaza: Kiswahili, Gĩkũyũ, Kikamba, Dholuo, Kiluhya, Ekegusii, Kimeru, Kiembu, Kitaita, Kimaasai, Kisamburu, Kikalenjin. Nyingi kati yake zimetokana na data ya kimataifa ya majina ya siku na miezi, kwa hiyo mwandishi ahakikishe mwenyewe kwamba Sura, Jedwali na Yaliyomo yameandikwa atakavyo. Hata hivyo, mlango uko wazi.

Pengo lililo zito ni la kukata maneno mwishoni mwa mstari. TeX hukata maneno kwa kufuata kanuni fupi za kila lugha, mbinu iliyobuniwa na Frank Liang katika tasnifu yake ya Stanford ya mwaka 1983. Kanuni za lugha nyingi zimekusanywa katika kifurushi cha hyph-utf8. Humo mna Kiwelisi, mna Kioksitani, mna Kiaisilandi chenye wasemaji wasiofika nusu milioni. Kutoka Afrika mna, kwa mfano, Kiafrikaans na lugha zinazoandikwa kwa hati ya Kiethiopia. Kiswahili, lugha ya makumi ya mamilioni ya watu na ya serikali kadhaa, hakimo.

Matokeo yake huonekana kwenye kila safu nyembamba. Maneno yetu ni marefu, kwa sababu kitenzi kimoja hubeba mtenda, wakati, mtendwa na kauli: hawatatuandikia, wanaotutegemea, yaliyokamilishwa. Pasipo kanuni, mambo mawili hutokea. Maneno yakiachwa bila kukatwa, mistari hubaki na mapengo mapana. Yakikatwa kwa kanuni za Kiingereza, mkato huweza kuangukia kati ya m na b, ukaitenganisha silabi ambayo mtoto wa darasa la kwanza anaijua: ki-ta-mbu-li-sho.

Na hapa pana habari njema ambayo lugha chache zinaweza kujivunia. Kanuni za asili za Kiingereza katika TeX ni 4,447. Silabi ya Kiswahili, kwa sehemu kubwa, huishia kwa irabu. Kanuni tano tu, a1, e1, i1, o1, u1, zinazosema kwamba neno linaweza kukatwa baada ya irabu, zinafikisha kazi mbali sana. Ki-ta-mbu-li-sho inatoka sawa. Ha-wa-ta-tu-a-ndi-ki-a inatoka sawa, na sharti la kutobakiza herufi moja mwanzoni wala mwishoni linazuia mkato usiopendeza. Kinachobaki ni maneno ya mkopo yenye silabi funge, kama daf-ta-ri, mak-ta-ba na lab-da, yanayohitaji kanuni zake. Kisha kuna ritifaa ya ng'. TeX kwa desturi haiihesabu kuwa herufi, kwa hiyo katika neno kama ming'ong'ono huona neno limeishia kwenye ritifaa ya kwanza na kuacha kutafuta pa kukata mbele yake. Wafaransa na Waitalia walikuwa na tatizo hilo hilo na ritifaa zao, wakalitatua kwa mstari mmoja wa maelekezo.

Wapo watakaouliza kama haya yana maana wakati wengi wanaandika kwa Word. Kwa barua na ripoti fupi, Word inatosha na hakuna haja ya kubishana. Lakini kanuni zilizokusanywa na watu wa TeX hazikai ndani ya TeX. Mfumo wa Android umechukua humo kanuni za lugha nyingi, na zinatumika kwenye simu. Kanuni za Kiswahili zikiingia hapo, zinaweza kumfikia hata msomaji ambaye hatawahi kusikia jina la Knuth.

Kazi yenyewe inaweza kufanywa na mwanafunzi mmoja wa isimu na mmoja wa kompyuta, wakiwa na kamusi na orodha ya maneno ya mkopo ya kujaribia. Wanaotunza hyph-utf8 hupokea michango ya lugha mpya. CTAN yenyewe hupokea kifurushi kutoka kwa yeyote, bila kuuliza shahada wala nchi. Wajitoleaji wake huangalia kama kuna faili ya README, leseni iliyo wazi, mwongozo unaosomeka, na jina lisilogongana na lingine. Kwa njia hiyo hiyo kiolezo cha tasnifu kinachofuata masharti ya chuo fulani cha Kenya kinaweza kuwekwa humo mara moja na kutunzwa, badala ya kuzunguka kwenye flashi kikizeeka mwaka baada ya mwaka. Kwa njia hiyo hiyo lshort, iliyokwisha kusomwa kwa Kimongolia na Kivietinamu, inaweza kusomwa kwa Kiswahili.

Vifurushi vilivyomo humo vililetwa na walimu, wanafunzi na wachapaji waliochoka kukosa kitu fulani, wakakitengeneza, kisha wakawaachia wengine. Sisi tumekuwa wachukuaji kwa miaka mingi, na hakuna ubaya katika kuchukua kilichotolewa kwa moyo mweupe. Ila pengo la Kiswahili haliwezi kuzibwa na mtu wa Stuttgart, kwa kuwa haijui silabi yetu. Anayeijua yuko Tena, Kisauni, Temeke na Goma, na kanuni tano za kuanzia ameshaziona katika makala hii.